Vidonge Vyangu Ndani ya Kinu cha Muzee Mwansa

Jumapili, Oktoba inakwisha. Jua limeipiga Lubumbashi tangu asubuhi. Mawingu yanakusanyika, yanatawanyika, hata tone moja la mvua hakuna. Sikwenda kanisani. Nina hasira, na hasira ya namna hii sikutaka kuikalisha kwenye benchi mbele ya Mungu.

Acha niandike kabla sijavunja kitu.

Miaka mitatu iliyopita mama yetu alifariki, nami nikaharibika. Kazi yangu ni kupiga mashine ya kuandika katika ofisi ya kampuni ya shaba, na barua zangu zikaanza kurudishwa na mkuu wangu zimejaa duara nyekundu: hapa nimeruka mstari, pale nimeandika kilo mahali pa tani. Nilikuwa najifungia chooni kulia. Daktari wa hospitali ya wafanyakazi akanipa vidonge vidogo vya kutuliza mishipa, bahasha moja kila mwezi, bure. Sikumeza hata kimoja. Nilisema hivyo ni vitu vya Wazungu, vinamfanya mtu mtumwa.

Nikaenda kwa Muzee Mwansa, mganga wa mizizi anayeishi huko mtaa wa Annexe, kando ya mashamba ya mahindi. Akanipa unga wa kahawia, kijiko kimoja ndani ya chai, asubuhi na jioni. Pesa hakutaka. Alitaka vile vidonge vya hospitali. Wengi pale ofisini tulifanya hivyo: dawa ya kampuni ni haki yako, huitaki, basi unampelekea mganga na kurudi na unga. Nilidhani anawapa watu wasio na kadi ya hospitali. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa kutouliza kulinifaa.

Na unga ulifanya kazi, siwezi kudanganya daftari langu mwenyewe. Moyo ulitulia, vidole vikatulia, usingizi ukarudi. Duara nyekundu zikaisha. Tulikuwa tumeshaacha majina ya ubatizo kwa amri ya serikali, kila mtu akajivunia mambo ya mababu, nami nikajivunia kuliko wote. Nilihubiri huo unga kwa kila aliyenisikiliza na kwa wasionisikiliza.

Mwezi wa nane mdogo wangu Ngalula akajifungua mtoto wa kike. Mume wake ni fundi viatu kule Katuba, kadi ya hospitali hawana. Baada ya kuzaa, Ngalula akawa mtu wa machozi. Alikuwa anakaa kitandani na kitenge kimoja siku tatu, anamtazama mtoto kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi dada mkubwa, yaya wake, mimi mjuzi, nikampelekea unga. Nilimwambia dawa ya mizizi haijamdhuru mtu tangu dunia iumbwe.

Ngalula akatulia. Mtoto naye akatulia. Majirani wote wa lupango lao, wanaoshiriki ua mmoja, wakamsifu: mtoto gani huyu, hasumbui, halii, kazaliwa na akili za bibi yake! Nami nikachekelea, kana kwamba sifa ni zangu.

Mtoto hakuwa mtulivu. Alikuwa amelewa.

Ijumaa jioni Ngalula alikuja kwangu na mtoto mgongoni. "Yaya, mutoto hanyonye tena," akasema. "Namuamusha, ananyonya mara mbili, anarudia kulala." Mtu mwenye akili angekimbia hospitali. Mimi nikamwambia alale kwangu, asubuhi nitamtafutia dawa kwa Muzee Mwansa.

Huyo mzee ana desturi yake: huendi kwake bila kutuma habari kwanza. Unatuma habari, anakungoja amekaa kwenye mkeka, unga umeshafungwa ndani ya jani. Tuliamini ni heshima kwa mizizi. Jana sikutuma habari. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta anatwanga. Kando ya kinu kulikuwa na sahani ya mizizi mikavu, na kando ya sahani bahasha za hospitali. Moja ina jina langu, limeandikwa na muuguzi kwa wino wa buluu.

Hakushtuka hata kidogo. "Mizizi peke yake haina tena nguvu, mama," akaniambia. "Bantu banataka dawa ya mbio. Njo maana ninatiamo bile bidonge bya hospitali."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Byako njo biko bizuri kupita bya bengine."

Vyangu vizuri kuliko vya wengine! Nilikipiga teke kile kinu. Unga ukamwagika, kuku wakaja mbio, ikabidi niwafukuze kuku pia huku nikitukana. Babu gani wa huyu mtu alitwanga vidonge? Babu gani?

Nikapanda teksi, nikawachukua Ngalula na mtoto hadi hospitali ya karibu. Muuguzi akamuuliza Ngalula anameza dawa gani. "Nakunywa tu mizizi," akajibu, na kwa akili yake alisema kweli. Ikabidi mimi nifungue kinywa, mbele yake. Nilieleza yote: kinu, bahasha, jina langu. Ngalula alimkaza mtoto kifuani, akasogea mwisho wa benchi. Afadhali angenipiga.

Wamemlaza mtoto. Kwanza anywe maziwa ya kopo, maana dawa inapita ndani ya maziwa ya mama. Ngalula atapunguziwa unga ule taratibu, chini ya macho ya daktari. Na mimi nimekatazwa kuuacha ghafla baada ya miaka mitatu. Mwili umeshauzoea, utanigeuka. Miaka mitatu natukana vidonge, huku nakunywa vidonge!

Sasa sijui kilichoniponya. Labda mizizi ilikuwa na faida yake. Labda ni vidonge tangu mwanzo, au miaka tu iliyopita juu ya kaburi la mama. Sitajua kamwe, maana yule mzee ameniibia hata jibu. Na aliyempelekea vidonge mwezi kwa mwezi ni nani? Hapo ndipo hasira inaponirudia mwenyewe, na haina mahali pengine pa kwenda.

Kuna jambo jingine, nalo ni baya zaidi. Ngalula alipokuwa akilia, hakuniomba dawa. Alikuwa ananiambia, yaya, kaa kidogo. Mimi nilikuwa na haraka. Unga ulikuwa njia ya kumnyamazisha nipate kurudi kwangu.

Leo mchana nilipofika hospitali, mtoto alikuwa macho. Alilia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akanywa mpaka akacheua. Nilinyoosha mikono nimpokee. Ngalula akageuza bega.

"Acha kwanza, yaya."

Nilikaa kwenye kiti cha chuma mpaka saa ya wageni ikaisha, Ngalula akalia, nami sikumwambia anyamaze.

Kesho nitapita tena kabla ya kazi. Asiponipa mtoto, atanipa nepi, nami nitazifua.