Kifungo cha Koti la Mpimaji

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu kutoka kwetu sote uliotuacha humu ndani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi ulichokilalamikia kimekwisha, na yule msimamizi wako wa ghala amepunguza kelele. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Ukinijibu "hatujambo" peke yake kama kawaida yako, nitakasirika. Nataka habari zenye nyama.

Sisi hatujambo kiasi. Mama mgongo bado unamsumbua, akiinama anainuka kwa awamu. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akizungumza anapiga mluzi. Baba yuko vilevile. Mguu wa kulia anauburuta, mkono wa kulia umelala, ila ulimi umerudi wote na maneno yake yote. Kiharusi kilichukua upande mmoja tu, ubishi kikauacha.

Nakuandikia mchana huu akiwa amejipumzisha, kwa sababu sitaki asome. Unamjua, karatasi ikiingia nyumba hii lazima avae miwani aipitie mpaka mwisho, hata kama ni tangazo la dawa ya mende.

Nilikueleza kwenye simu kwamba tumemwombea posho ya ulemavu ya serikali. Sikukueleza inavyoamuliwa kwa sababu hata mimi sikujua. Nilidhani daktari anaandika kwamba huyu mtu amepooza, unapeleka cheti, wanakulipa, basi. Kumbe cheti kinakufungulia mlango tu. Kinachoamua ni fomu.

Fomu hiyo ina maswali kumi na mawili. Kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kupanda ngazi, kutumia vidole kwa kazi ndogondogo, na mengineyo. Kila swali lina alama, kuanzia sifuri hadi tatu. Ukiweza jambo bila kusaidiwa unapewa sifuri, ukishindwa kabisa unapewa tatu. Kwa hiyo mwenye alama nyingi ndiye aliyeshindwa mengi, na ndiye anayelipwa. Ukifikisha ishirini na nne unapata posho nzima, ukifikisha kumi na mbili unapata nusu. Chini ya hapo unarudi nyumbani na asante.

Kaka, nusu ingetutosha kabisa. Tungemlipa mtu wa kumshika Baba mchana, nami nikarudi kiwanda cha sabuni. Msimamizi wangu amenishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anamwajiri mwingine, na simlaumu. Nikirudi kazini bila mtu wa kumshika, Baba anabaki na Mama. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni mara moja tu, Mama akajaribu kumwinua bafuni. Niliwakuta wote wawili sakafuni, wameegemeana, maji yanatiririka, Baba anamlaumu Mama kwa kutojua kushika na Mama analia. Walikaa hivyo karibu saa nzima.

Yule fundi viatu anayetembelea gongo, jirani wa kibanda cha Baba cha kushonea, tunayemwita Wakili kwa kupenda kesi za watu, alituonya mapema. Yeye posho anaipata, anaijua fomu nje ndani. Alisema, "Mpelekeni kama alivyo siku yake mbaya. Msimchane nywele, msimfunge vifungo. Aende hivyohivyo." Mama alimtazama kana kwamba amemtukana. Baba aende ofisi ya serikali kama mtu aliyeokotwa? Alipiga pasi suruali mpaka ule mkunjo ukasimama. Mimi nilimnyoa, nikamvalisha shati jeupe, nikamfunga vifungo vyote vinane kwa mikono yangu hii. Alipendeza, siwezi kusema uongo. Alionekana kama anakwenda kuposa.

Ofisini tulikaa kwenye benchi refu lisilo na egemeo tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Meza ya mpimaji, yule anayejaza fomu, iko mbele ya benchi hilohilo, kwa hiyo kila mtu anasikia magonjwa ya mwenzake. Mpimaji ni kijana mpole, ana adabu, alimwamkia Baba vizuri. Labda ndiyo maana Baba alijikaza kisabuni.

Aliulizwa kama anavaa mwenyewe. Akajibu, "Mimi fundi nguo miaka arobaini, nitashindwaje kuvaa?" Nilikuwa nyuma yake natikisa kichwa kama mwendawazimu. Mpimaji akaniomba nimwache mzee ajibu mwenyewe. Akaulizwa habari za msalani, foleni nzima imenyamaza inasikiliza, na wanawake wamo. Akasema anajimudu. Sasa Kaka, wewe ungesemaje?

Halafu ikaja habari ya kifungo. Koti la mpimaji lilikuwa na kifungo kinachoning'inia kwa nyuzi mbili, na Baba alikwisha kukiona tangu tukiwa kwenye benchi. Unajua alivyo, wateja hawakumwita Milimita bure. Walipofika swali la vidole, badala ya kujibu alisema, "Mwanangu, vua hilo koti." Kijana akacheka, akavua.

Unakumbuka ile sindano anayotembea nayo nyuma ya ukosi, yenye uzi tayari? Bado anayo. Mama aliichomeka palepale asubuhi ile bila hata kufikiri, kama alivyofanya maisha yao yote. Baba akaweka mkono uliolala juu ya koti ili ulikandamize lisiteleze, akashika sindano kwa kushoto, uzi akawa anauvuta kwa meno. Ilichukua muda mrefu sana. Mpimaji alihudumia watu wawili, akarudi, Baba bado anashona. Jasho lilimlowesha shati mgongoni. Alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Alipokata uzi kwa meno na kulinyanyua koti, benchi zima lilipiga makofi.

Hata mimi nilipiga makofi, Kaka. Machozi yalinitoka kwa furaha. Sikuwa nimemwona Baba akitabasamu vile tangu augue, na kwa dakika ile nilisahau kabisa tulichofuata pale.

Majibu yalikuja wiki tatu baadaye. Alama kumi na moja. Kwenye mstari wa vidole wameandika: anashika sindano na kushona kifungo bila msaada, sifuri. Wangempa tatu anazostahili angefika kumi na nne, na leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine. Simchukii yule kijana. Aliandika alichokiona, na koti alikuwa amelivaa.

Lakini siyo hilo linaloninyima usingizi. Baba alivaa miwani akaisoma ile barua mwenyewe. Inasema amepata alama kumi na moja kati ya thelathini na sita, kwamba hazikufikia kiwango, na kwamba anaweza kuomba kupimwa upya ndani ya siku thelathini. Haisemi alama zinahesabiwaje. Akasema kwamba ni haki yao, alikuwa mzito siku ile, kifungo kimoja kilimchukua muda mrefu mno. Akaniambia, "Niombee tena. Safari hii nitawapa thelathini."

Umeelewa? Anadhani alama ni za kuweza. Anadhani serikali inawalipa wanaojitahidi.

Nilimwendea Wakili anisaidie kumweleza, naye alishika kichwa na kusema hilo haliwezi, wao wamekaa vibanda jirani miaka ishirini. Mama ndiyo kabisa, anadhani nikimweleza nitamuua. Na sasa kila asubuhi baada ya chai Baba anakaa mbele ya cherehani anafanya mazoezi. Tunampa moyo. Tunamvisha kilemba cha ukoka kila siku, na ubaya ni kwamba kweli anaendelea vizuri.

Fomu ya kuomba kupimwa upya ninayo chini ya godoro. Ina nafasi kubwa iliyoandikwa: eleza mambo ambayo mwombaji hawezi kuyafanya. Nimeijaza kwa penseli mara tatu. Hawezi kujifunga vifungo. Hawezi kuoga bila kushikwa. Hawezi kwenda msalani peke yake. Yote ni kweli, na yote nayajua kwa mikono yangu, lakini chini kabisa inataka saini yake. Hatasaini bila kusoma. Zimebaki siku tisa.

Nilifikiri nikuombe wewe umweleze, kwa kuwa neno lako analisikiliza kuliko letu. Kisha nikajiuliza utamwambia nini kwenye simu, umbali wote huo, naye hana wa kumshika bega. Nimeishiwa ujanja, Kaka. Kama unalo wazo nipigie. Kama huna, nipigie vilevile.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa chake nimekipokea. Wasalimie watoto, wasichoke kumwandikia babu yao hata kama anasahihisha mwandiko. Mama anakusalimu na kukuombea kila uinukapo na kila ulalapo. Wakili anakusalimu, anasema viatu ulivyomwachia bado anavyo. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe tukiwa sote tupo.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kitambaa cheupe chenye kifungo. Kakishona Baba jana kwa dakika kumi na mbili, kwa saa ya ukutani. Amesema nikutumie na ukivute kwa nguvu zako zote. Mimi nimekwisha kukivuta, na haking'oki. Kaa nacho hukohuko. Vingine saba amevipanga juu ya cherehani, anamsubiri mpimaji.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.