Vidole Alivyovificha Mama Mkubwa

Mama,

Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Mbeya, wateja hawajaanza kuja, na nina habari ambayo ungekuwepo ungenigeuzia mgongo nisiimalize. Safari hii utanisikiliza, maana huna pa kwenda.

Vidole vyangu vimeanza. Mikono yote miwili, kama yako. Naamka vimekakamaa, na mpaka jua lipande ndipo vinakubali kushika mkasi. Juzi nilishindwa kumfunga mwanangu Neema vifungo vya shati la shule. Akajifunga mwenyewe, akaniangalia tu. Nikakukumbuka Jumapili asubuhi, umesimama mbele yangu na blauzi ya kanisani, unaniambia, "Funga haraka, kengele ya pili hiyo," huku umekunja uso kwa maumivu. Nililia, Mama.

Nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akauliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa na vidole vya hivi. Nikamjibu hakuna, ila mama yangu alilogwa. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Na huyo aliyemloga amekufuata na wewe mpaka Mbeya, kwenye vidole vilevile?"

Unajua nilichokuwa nafikiria. Ule mzigo wa milulu. Mama mkubwa alikuletea zile nyasi za kusukia vikapu kutoka Idodi, ukaanza kikapu kimoja, na kabla hujakimaliza mikono ikavimba. Majirani wakasema dada yako amekufunga mikono kwa wivu, kwa sababu vikapu vyako vilipendwa kuliko vyake. Ukaichoma milulu yote uani. Hukumwita dada tena mpaka unakufa.

Daktari akanipima damu, akasema ni baridi yabisi. Nikamwambia mimi nimezaliwa Iringa, baridi nimeizoea. Akasema baridi ya Iringa haina kosa, ni mwili unaojishambulia wenyewe kwenye viungo. Akanieleza habari za vinasaba, vile tunavyorithi kwa wazazi pamoja na sura na kimo. Vipo vinavyomfanya mtu aupate ugonjwa huu kwa urahisi zaidi, na vinaweza kufanya umle zaidi akishaupata. Lakini si kila aliyerithi ataugua. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anapinda vidole, mwingine anasumbuliwa kidogo, mwingine haguswi kabisa. "Mama yako ana ndugu?" akauliza. "Umewahi kuangalia mikono yao?"

Hapo nikakumbuka msiba wako. Mama mkubwa alikaa mwisho kabisa wa mkeka, mikono ndani ya kitenge, hakumpa mtu mkono. Watu wakanong'ona kwamba anaficha hatia. Na mimi nilinong'ona.

Jumamosi nilienda Idodi. Nikamwamkia mlangoni, "Kamwene," naye kwa mshangao akasahau kujifunika. Vidole vyake, Mama. Havijapinda kama vyako, lakini vifundo ni vilevile. Amekaa navyo tangu kabla yako. Mwanzoni aliona aibu, na baada ya maneno ya majirani akaogopa watasema uchawi umemrudia. Nikamuuliza kwa nini alikuletea ile milulu. "Si nilikuwa siwezi tena kusuka, mwanangu. Nikasema bora achukue mdogo wangu, yeye mikono bado mizima."

Nikakaa karibu naye. Kisha nikamwambia dhambi yangu, ile siku alipokuja kukuona unaumwa, ukanituma nimwambie umelala. Akasema, "Nilijua. Nilimsikia anakohoa." Akanipapasa mgongo kwa vile vidole vyake.

Mimi nameza dawa mara moja kwa wiki, kila Jumatatu, na daktari anasema kwa kuwa nimewahi, huenda nikashona miaka mingi. Ninajua wewe hukupata nafasi hiyo, na inaniuma. Mama mkubwa nitamleta huku akishavuna maharage, apimwe na yeye. Neema sitamtisha, maana hata yeye huenda asiguswe. Lakini nakuahidi atalijua jina la ugonjwa huu kutoka kwangu mwenyewe, na hatamchukia mtu kwa ajili yake.

Pumzika, Mama. Ila kuna jambo moja lazima ulijue. Wakati naondoka Idodi, mama mkubwa alinishika mkono akaniuliza kama ulikufa unamchukia. Nikamwambia, "Hapana, alikusamehe zamani, aliniachia maneno nikuletee, ni mimi niliyechelewa." Alikaa chini pale pale kizingitini akalia kama mtoto.

Nimelisema hilo kwa jina lako bila ruhusa yako. Tafadhali, Mama, usiniumbue.

Mwanao,
Tumaini