Jukwaa la Kwaya

Toronto, Ijumaa

Shangazi Généreuse,

Sisi wazima. Vitenge ulivyotuma vimefika, na kwaya nzima imeshonesha sare. Baridi imepungua.

Chuoni, kundi letu la wanafunzi wanne limejenga jukwaa la mbao kwa kwaya ya kanisa letu, nami ndiye niliyeandika ripoti. Wenzangu walipiga hesabu ya watu thelathini wakiwa wamesimama, maana kwaya walizozoea wao husimama tu. Nilijua yetu hucheza, lakini nikaandika, "Ni salama." Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kwaya isiyocheza haijaimba!

Jana nilimwomba Brice wa kundi letu arukeruke juu ya jukwaa, peke yake. Boriti ikalia ko! Akacheka: "Carmel, mwalimu ameshaipokea ripoti. Acha woga."

Shangazi! Keshokutwa jukwaa linazinduliwa, na Mama anaimba mstari wa mbele. Mchungaji alinitaja mbele ya kanisa zima, wakanipigia vigelegele. Nitamwambia nini?

Nikimaliza kuandika, nampigia Mchungaji simu. Barua hii ikikufikia, Jumapili itakuwa imeshapita, nawe utakuwa umeshajua kama nilipiga.

Mwanao,
Carmel