Ni Nani Amesema Tunauza Nyumba

Wariara na Kamande,

Githeri iko kwa sufuria, pasheni moto. Msifungulie mtu geti.

Asubuhi broker alileta wanunuzi kutoka Njoro, wakaanza kugonga matofali ya ukuta. Nikamuuliza ni nani amesema tunauza. Akanijibu, "Mathe, ni mwenye nyumba mwenyewe." Alijua hata bafu inavuja, na hilo tunalijua sisi wanne tu.

Nimeenda ofisi ya ardhi kuhakikisha nyumba haiuzwi bila sahihi yangu.

~~Baba yenu akija, asiingie.~~

Baba yenu akija, mpakulieni chakula na msimwulize kitu. Lakini akianza kupekua kabati ya chumba chetu, mwambieni title deed ninayo kwa mkoba.

Mama