Majani Niliyomchumia Reem

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako laendeleaje? Karisa aliniambia umeanza kulifunga kitambaa kabla ya kushuka shambani, na tangu hapo kila nikipanda ngazi za nyumba hii nakukumbuka. Mbeyu mwanangu je, meno ya mbele yameshaota? Muhogo wa upande wa barabara umekomaa, au nguruwe mwitu wamewahi tena? Mimi mwili mzima ni salama isipokuwa mkono wa kushoto, nao nitakueleza.

Barua hii anaileta Dama, dada wa Kilifi aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani. Mkataba wake umekwisha na tajiri wake amemwachia, anaruka kesho. Ataishona ndani ya pindo la leso. Mkaribishe, umpe maji, apumzike. Karisa atakusomea, na palipo pagumu atakugeuzia kwa Kigiriama. Karisa, soma yote. Usiruke mahali kwa kumhurumia Mama. Wakati wa kumficha umepita.

Mama, nisamehe. Kila ulipoambiwa kwamba Kadzo amepiga simu, sikupiga. Simu yangu ilichukuliwa siku niliyofika, pamoja na pasipoti, vikafungiwa kabatini chumbani kwa Madam, mwenye nyumba. Mimi na Karisa tulikubaliana usijue. Habari zangu alizokuletea tulikuwa tukipeana ndani ya mchezo wa kompyuta.

Najua utauliza ni mchezo gani huo wa kupeana habari. Nitakueleza kama nilivyoujua mwenyewe. Madam ana binti wa miaka kumi na mitano, anaitwa Reem. Reem ana tableti, na ndani yake kuna mchezo unaochezwa na watu maelfu kutoka nchi zote kwa wakati mmoja. Kila mchezaji ana mtu wake anayemwongoza, amempa jina, amemvika nguo, amemchagulia kazi. Wanatembea, wanapigana na majini, wanajenga nyumba, wanauziana vitu. Na wanaweza kuandikiana maneno.

Reem anapenda vita na mavazi. Lakini mchezo ule una kazi za kuchosha. Ukitaka dawa ya kutibu majeraha, lazima uchume majani porini, jani mojamoja. Unabonyeza, unangoja, linaingia mkobani, unakwenda kwenye jingine. Mkoba ukijaa unapanga vitu kwa mkono, kimoja kimoja, kisha unatembea kwa miguu hadi ghalani kuvitua, na unarudi. Siku moja Reem alinikuta napiga pasi, akasema niiache nikae nimchumie majani, yeye akamalize masomo ya shule. Madam alikubali kwa sababu binti alikuwa anasoma. Ikawa desturi. Kila siku baada ya alasiri, saa moja. Ndiyo saa pekee niliyokuwa nakaa kitako katika nyumba hii.

Wiki ya kwanza nilichuma tu. Ya pili nikakumbuka kwamba Karisa alikuwa akicheza mchezo huohuo dukani anakofanya kazi, mtaa wa Barani, wateja wakiwa haba, na mtu wake alimwita MwanaGanda. Nikaandika jina hilo kwenye kidirisha cha kutafutia. Akatokea. Nikamwandikia, "Ni mimi Kadzo." Hakujibu. Alidhani ni tapeli. Nikamwandikia siku nne mfululizo, ya tano akanijibu kwa swali: kama wewe ni Kadzo, siku ya harusi ya shangazi mbuzi alikula nini? Nikaandika, "Alikula leso mpya ya Mama, na aliyepigwa ni mimi." Kisha mtu wake akaja akasimama karibu na wangu, palepale porini kwenye majani.

Tangu siku hiyo tulikuwa tunakutana hapo. Mimi nachuma, yeye ananipa habari. Ndipo nilipojua Mbeyu ameanza shule. Ndipo nilipojua Hawe, bibi yetu, ameanguka kisimani na amepona. Wachezaji wengi walikuwa wakilalamika kwamba maneno hufutika mtu akitoka mchezoni, wanataka yahifadhiwe. Mimi nilishukuru yanavyofutika, maana Reem alipoishika tableti yake hakukuta kitu.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mle mchezoni kuna ubao ambapo wachezaji huandika wanachotaka kirekebishwe, na wenzao hukipigia kura. Reem alinionyesha. Wanaomba kuchuma kuwe kwa kubonyeza mara moja, shamba zima liingie mkobani. Mkoba ujipange wenyewe. Ghala lifunguke popote ulipo. Mazungumzo marefu ya wafalme yarukike. Mtandao ukikatika mtu asitupwe nje, arudi alipokuwa. Yote ni mambo ya kumpunguzia mtu taabu. Mzee mmoja aliandika kwamba vidole vyake vina maradhi, anaupenda mchezo lakini hawezi kubonyeza mara mia kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa. Nilimwonea huruma. Nilikuwa na mkono wangu wenyewe umeungua kwa pasi, nimeufunga kitambaa, nabonyeza kwa ule mwingine.

Reem akaniuliza achague lipi kwanza, kwa kuwa kazi ile mimi ndiye ninayeijua. Nikamwambia achague mkoba, achague ghala, lakini kuchuma kuachwe kulivyo. Akacheka. Akasema hakuna mtu duniani anayependa kuchuma majani. Akapiga kura zote, na ya kuchuma akaipiga kwanza.

Kesho yake, nilipokuwa peke yangu, niliandika kwenye ubao ule kwa Kiingereza changu cha sekondari. Niliwaomba wasiiondoe kazi ya kuchuma. Niliandika kwamba wako watu inaowafaa. Sikuweza kusema zaidi, jina lilikuwa la Reem. Majibu yalijaa kicheko. Mmoja aliandika kwamba huyu lazima ni mtumwa anayeogopa kufunguliwa. Nililisoma jibu hilo mara nyingi, Mama. Kisha nikaendelea kuchuma, maana muda ulikuwa unakwisha na Karisa alikuwa ananingoja.

Mkataba wangu ulikwisha miezi mitano iliyopita. Hilo pia hukuambiwa. Kila nikimuuliza Madam ananiambia ningoje apate msichana mwingine, na hamtafuti. Karisa alikwenda kwa wakala aliyenipeleka, akafukuzwa mlangoni. Akaenda hadi ofisi ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi walio nje. Huko walimsikiliza, lakini walimwambia mji huu ni mkubwa, bila namba ya nyumba hawana pa kumtuma mtu. Ukutani kando ya lango letu kuna kibao kidogo chenye namba saba. Nilikiangalia nikitoa taka, kila siku namba mbili mbili, nikaziweka kichwani.

Nikataka kumwandikia Karisa. Mchezo ukanigomea. Ukiandika namba mle ndani zinageuka nyota, kwa sababu ya wezi wanaouza vitu kwa njia ya simu. Ukiziandika kwa maneno, vilevile nyota. Hilo nalo wachezaji wanalipigia kelele. Tulihangaika siku tatu. Ndipo Karisa akapata fikra: nimpe majani. Kama namba ni nne, nimpe majani manne, ningoje, kisha namba inayofuata. Sifuri tukakubaliana iwe ua.

Kumpa mtu jani moja mle si jambo la haraka. Unafungua mkoba, unachagua, unangoja akubali. Namba tisa ni mara tisa. Nilitoa namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jasho lilinitoka na chumba kina baridi ya mashine. Nilikuwa nimemaliza ya tano Reem akaingia.

Alitazama mkoba kabla hajanitazama mimi. Akasema, "Majani yangu yako wapi?"

Akamwona MwanaGanda amesimama pale, akauliza ni nani.

"Ni kaka yangu," nikamwambia. "Yuko kwetu, Malindi."

"Kwa nini humpigii simu?"

"Simu yangu iko kabatini kwa mama yako."

Mama, yule mtoto aliinamisha kichwa. Alikuwa anajua, siku zote alikuwa anajua, ila hakuwahi kusikia mtu akilisema. Akachukua tableti mkononi mwangu taratibu. Akasema, "Sitamwambia." Na kweli hakumwambia. Lakini siku iliyofuata hakuniita, na ya pili hakuniita, na ya tatu maboresho yakaja.

Nilikuwa nafuta vumbi sebuleni. Reem alikuja mbio kunionyesha, kwa furaha, kama amesahau yaliyopita baina yetu. Akabonyeza mara moja, na pori zima likaingia mkobani. Hata nukta ya saa haikupita. Nyuma ya majani yaliyotoweka nilimwona MwanaGanda, amesimama mahali petu. Bado alikuwa ananingoja.

Nilimwomba Reem dakika mbili. Nilipiga magoti, Mama, mbele ya mtoto niliyemzidi miaka kumi na mitatu. Akautazama mlango wa mama yake, akasema, "Akijua ataichukua na hii." Akaenda zake chumbani. Sasa hana haja nami. Saa yangu ya alasiri imerudi kwenye pasi. Najua Karisa anakwenda kusimama pale kila siku. Karisa, acha kunisubiri pale. Sitakuja tena.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Juzi Madam amesema Ijumaa ya wiki ijayo ananipeleka kwa dada yake, mji mwingine, nikamfanyie kazi huko. Nyumba hiyo siijui namba yake wala mtaa wake. Nikishahamishwa, namba ya kibao hiki haitafaa kitu, na mimi sitajua tena njia ya kuwafikia.

Basi Karisa, chukua kalamu. Zile tano ulizopokea ni sahihi, kama ulivyozihesabu. Mbili zilizobaki ni nane, kisha tatu. Nane, tatu. Lango ni la kijani, linatazamana na ukuta wa shule. Nenda ofisini ukazitoe zote saba, usikubali kuambiwa urudi wiki ijayo. Waambie nina siku chache.

Msalimie Hawe, umwambie asiende kisimani peke yake. Msalimie shangazi wa Shella na mumewe. Mpe salamu na shukrani zangu Mzee Hasmukh mwenye duka, ambaye alimwona Karisa akicheza saa za kazi, akaambiwa sababu, akamsogezea kiti. Mbeyu asisomewe barua hii. Mwambieni tu kwamba mama yake anamuuliza habari za meno.

Mama, ukimaliza kusomewa utataka kulia. Ngoja kwanza. Msukume Karisa atoke, umfungie mlango nyuma yake, ndipo ulie.

Mimi ni mwanao Kadzo, nipo nyumba hiihii mpaka Ijumaa.