Ulanzi wa Mama Tuli

Jumapili jioni.

Andika hivyohivyo ninavyosema, mjukuu wangu, usininyooshee maneno. Tangu uchaguzi huu wenye kelele, mama Tuli jirani ananisalimia nusunusu. Mwanawe walimkamata kwenye maandamano Makambako. Wangu ni balozi wa chama, wa nyumba kumi. Mama Tuli anadhani sisi ndio tuliomtaja kwa polisi. Mimi sikumtaja. Mwanangu sijamuuliza.

Leo kaleta ulanzi wa mianzi yake, ule mtamu wa asubuhi, maana wa jioni unanichoma tumbo... Akamimina, akanipa bila kuonja. Mwenye pombe si huonja kwanza?

Nikamwambia, "Onja, mwenzangu."

"Kumbe tumefika huko, mama Luka?"

Akanywa wote, akakibinua kikombe, akaondoka. Nikamwangalia mpaka mlangoni kwake. Nilikuwa nangoja aanguke.