Faili Unalolikalia

Ndugu yangu Ndung'u,

Kabla sijakujulia hali, acha niseme nisije nikaghairi: faili la kesi ya kina baba halikupotea. Nililiiba mimi. Sasa unalo wewe, ndani ya mto wa kile kiti nilichokuachia nilipohamia huku Kanada kwa binti yangu.

Haya, hujambo? Mgongo je? Mahindi ya hapo Rongai yamepata mvua? Mimi moyo umechoka. Daktari amenikataza chumvi, ngazi na hasira, na binti yangu akaongeza siasa. Nimebakishiwa uji.

Unakumbuka nilikuwa karani wa masjala ya mahakama. Watu wa hifadhi ya nyaraka waliandika kwamba wangekuja kuchukua kesi za zamani zenye historia, wakaitaja hiyo: wafanyakazi kumi na wawili wa shamba la mzungu, walioshtakiwa kwa kukataa ng'ombe wao wauzwe. Siku hiyo nilitoka na faili chini ya sukuma wiki. Lilipokosekana, hakimu aliunda kamati ya kulitafuta, na mwenyekiti nikawa mimi. Tulitafuta wiki mbili, tukanywa chai nyingi, nikaandika ripoti nzuri sana ya kuwalaumu panya.

Nawe umekalia kiti hicho ukiwasimulia wageni jinsi baba, mshtakiwa wa saba, alivyokataa kusimama mbele ya hakimu mzungu. Mchungaji alipolalamika kwamba mto ni mgumu, ulimjibu, "Hiki ni kiti cha wanaume."

Ningewaachia panya lawama yao. Lakini Nyambura, binti wa mshtakiwa wa kwanza, alishuka kutoka Kuresoi kila mwaka kuomba asomewe maneno ya babake, aliyefia jela yeye hajazaliwa.

"Njoo Jumatatu, mama," nilimwambia.

Mara ya mwisho alicheka. "Mzee, hiyo Jumatatu yako ni ya mwaka gani?"

Na maneno yapo, Ndung'u. Kurasa nne! Babake alisema hadi mkalimani akaomba maji.

Nasikia sasa anatembea kwa mkongojo. Pasua mto kwa wembe, si kwa panga. Karatasi usizigandishe kwa gundi wala kuzianika juani. Zipeleke hifadhi ya nyaraka pale Nakuru, uende naye, asomewe yeye kwanza. Waambie mwizi ni mimi.

Nisalimie shemeji, aliyeushuku mto huo tangu siku ya kwanza, na dada yetu wa Gilgil, anayeniombea bila kujua sababu.

Najua utachungulia ukurasa wa tatu kabla hujafika Nakuru, kwa hiyo afadhali uusikie kwangu mimi kakako Gitau, niliyeshindwa kukwambia ana kwa ana. Baba hakukataa kusimama. Hakimu ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mshtakiwa wa saba alikuwa amelala.